Buti Zisizojua Tope

Mtu akifa Goma, kabla jeneza halijatolewa kwenda makaburini, lazima mmoja asimame mbele ya waombolezaji asome karatasi. Sisi tunaiita biografi. Inaanza na kuzaliwa, inapita shuleni, inapita kwenye ndoa, inahesabu watoto na wajukuu, inataja ugonjwa kwa sauti ya chini, kisha inamaliza kwa kusema marehemu alikuwa mchapakazi aliyependa watu wote. Katika mtaa wetu wa Mapendo, nyingi ya karatasi hizo nimeziandika mimi. Si kipaji. Ni kwamba niko nyumbani. Wenzangu wako njia ya Butembo, wako mpakani, wako ziwani. Mimi ukigonga mlango wangu saa yoyote ya mchana utanikuta chumba cha mbele, kati ya mashine ya fotokopi na termosi ya chai, kama sufuria iliyosahauliwa kwenye rafu. Nimeandika walevi wakawa watu wa furaha. Nimeandika wachoyo wakawa watu waangalifu. Bwana mmoja aliyekuwa na nyumba tatu nilimwandika "baba wa wengi", na wajane wote watatu walinishukuru. Kazi nzuri kuliko hii sijaiona: wahusika wangu wote wamekufa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika.

Juzi akaja Sifa, binti mkubwa wa Muzee Silvestre. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, na kabla hajaketi nilishajua. "Papa Idi, muzee ametuacha," akasema. Nikampa pole, nikamimina chai. Nitasema ukweli wa moyo wangu: huzuni haikuja. Kilichokuja ni hamu, kama ya mtu aliyesikia harufu ya nyama jirani. Muzee Silvestre alikuwa mwandishi. Ndiye aliyetunga vile vitabu vidogo vya Kapiteni Volkano, ambavyo watu wa rika langu walivisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitenge cha zamani: Kapiteni Volkano na majambazi wa Walikale, Kapiteni Volkano ndani ya tumbo la mlima. Na mimi nilikaa nyumbani kwake mwaka mzima, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikimwandikia.

"Tunataka biografi ya heshima," Sifa akasema. "Andika namna alitembea inchi yote. Pori, mulima, fasi yote."

"Alitembea wapi?"

"Papa Idi, usianze."

"Nauliza tu, nijue kupanga."

"Weye unajua. Kesho asubui utasoma." Akasimama, akafika mlangoni, akageuka. "Mama naye ametuma neno. Amesema: mwambie Idi asisahau kiatu. Sijui kiatu gani. Amezeeka, anachanganya bintu."

Mama Sifa hakuwa anachanganya kitu. Alipoondoka binti, nilikaa na karatasi nyeupe mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii ya kuwapaka marehemu mafuta, sikuweza kuandika hata tarehe ya kuzaliwa.

Wazazi wangu nitawaruka. Walikuwa watu watulivu, hawatanuna. Ninachokumbuka ni nyumba ya Muzee kule Katindo, karibu na kambi ya askari, ambako tarumbeta ilituamsha sote, wenye vyeo na wasio navyo. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa alama ambazo mwalimu wangu aliziita "za kutosha", akitazama pembeni. Mwandiko wangu lakini ulikuwa mzuri, na nilikuwa nimesoma kila kitabu cha Kapiteni Volkano chini ya blanketi, mimi mtu ambaye kupanda lori mpaka Sake kulinitapisha. Niliposikia Muzee anatafuta sekretere, nilitembea kutoka Mapendo mpaka Katindo na mkoba wa nguo, nikafika nimechoka kama niliyevuka jangwa, na Mama Sifa alipoona hali yangu alinipa chumba cha uani. "Huyu akirudia nyumbani kila siku atatufia njiani," akasema. Ndivyo nilivyohamia. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote za maisha yangu, na mpaka leo naisimulia.

Nilitarajia kukuta mtu mwenye makovu. Nilikuta mtu mwenye kiti. Kilikuwa kiti cha saluni, kina kitambaa cha kufuma mgongoni na kingine kila mkono, na Muzee alikuwa amekikalia miaka mingi mpaka kikachukua umbo lake. Akiondoka, kiti kilibaki kimekaa. Ukutani palikuwa na ramani ya Kivu yenye pini nyekundu kila mahali alipofika Kapiteni Volkano. Muzee mwenyewe alikuwa amefika Sake, mara moja, kwa arusi, akarudi kabla ya chakula kwa sababu ya vumbi. Mvua ikianza alifunga madirisha na kuvaa sweta. Lakini wakati wa kuniamuru niandike, alivaa buti. Buti ndefu za ngozi, nyeusi, zilizopakwa kiwi na Sifa mdogo kila Jumamosi. Kapiteni akikimbizwa, Muzee alikanyagakanyaga simenti mbele ya kiti, hapo hapo, asisogee hata hatua, pumzi zikimpaa, mkono umeshika bastola ambayo ilikuwa kijiko. "Andika! Majani yanampiga usoni! Nyuma simba wanne!" Nikaandika simba wanne. Katika pori lile hakuna simba hata mmoja. Dereva yeyote angemwambia. Alimpandisha Kapiteni mlima Nyiragongo baada ya chai ya asubuhi na kumshusha kabla ya chakula cha mchana, hana hata jasho. Alifanya mto upande kilima kwa sababu daraja alilihitaji juu.

Sikumchukia kwa kukaa nyumbani. Nani, mimi? Ningekuwa hakimu huyo, ningejifunga mwenyewe kwanza. Na nikubali hili moja, halafu nisilirudie: alipofumba macho na kusema upepo unavuma, kitambaa cha mlango kilionekana kutikisika. Nilichokuja kukichukia ni kingine. Muzee hakutembea, lakini alikuwa na mtu wa kutembea kwa niaba yake.

Mtu huyo alikuwa mke wake. Mama Sifa alikuwa mfanyabiashara wa njia. Alipanda juu ya magunia, akaenda Masisi kuchukua maharagi na jibini, akaenda Walikale kuchukua mafuta ya mawese, akarudi baada ya siku nne, sita, kumi, kulingana na matope. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na njia ya kusimulia ambayo sijaisikia tena: hakupamba. Alisema, "Lori ililala. Tukalala nayo." Ukaona lori, ukaona mvua, ukaona watu ishirini chini ya bashi moja, turubai la kufunikia mizigo. Mezani, yeye ndiye alimtolea Muzee miiba ya sambaza, samaki mmoja mmoja, vile vidagaa vya ziwa ambavyo hata mtoto anavitafuna vizima, na huku akitoa miiba alieleza njia. Muzee alisikiliza amefunga macho. Simulizi ikifika patamu, aliinua kidole: "Simama hapo!" Ananiita, "Idi, kayé!" Nachukua daftari. Anarudia maneno yake kwa mdomo wa Kapiteni, na sauti ya Mama Sifa inabaki hewani, imeshika kisa kwa mkia. Mwaka mzima niliokaa pale sikumsikia akimaliza kisa hata kimoja. Alizoea. Alirudi kwenye miiba.

Basi siku moja, wakati wa chakula cha mchana, mlango ukafunguka akaingia Mama Sifa miguu mitupu. Vumbi limempanda mpaka magotini, kitenge kimechanika, unyayo wa kulia unaacha alama nyekundu kwenye simenti. Nikasimama. Muzee naye akasimama, na nikafikiri atamkimbilia. "Mama Sifa, simama hapo!" akasema. "Usioge kwanza! Usikae! Idi, kayé!" Akaenda kuvaa buti.

Alimsimamisha mlangoni, akamhoji. Watu wangapi? Bunduki ngapi? Walivaa nini? Miti ilikuwa ya namna gani? Mama Sifa alijibu moja moja, kama mtu anayejibu kwenye ofisi. Watu wenye silaha wamesimamisha lori lao kwenye kona, njia ya Walikale, wameshusha wote, wamechukua mafuta yote, halafu mmoja ameona viatu vyake. Vilikuwa vipya, vya ngozi, alikuwa amevinunua kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa dada yake.

"Ananiambia, mama, tosha viatu mu miguu," akasema. "Nikatosha kimoja, nikamupatia. Ile ingine nikaitupa kule chini, mu shimo. Nikamuambia: baba, enda na muguu moja."

Nilicheka. Siwezi kusema uongo, nilicheka kwa sauti, na yeye akanitazama akacheka pia, kidogo, kwa pua. "Na yeye akafanya nini?" nikauliza. Akafungua mdomo. "Simama hapo!" Muzee akasema. Alikuwa anatembeatembea pale pale, amekunja uso. "Hapana. Hii haiwezi. Mwanamuke mbele ya bunduki atupe kiatu? Musomaji atakataa. Na Kapiteni atafanya nini, kama mwanamuke amekwisha kutupa kiatu?" Alikuwa na haki, kwa Kapiteni kazi ilikuwa imekwisha. Akanivuta chumba cha ndani, akafunga mlango, akanigeukia mimi. Hakuwahi kuniuliza kitu tangu nifike. "Idi, weye uko na diploma. Ungefanya nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwandishi ninayempenda kuliko wote ameniuliza. Nikasema, "Labda alie."

"Eeeh!" Muzee akapiga makofi. "Alie! Alie, Kapiteni atoke porini, amuvalishe buti zake mwenyewe! Sasa weye ni mwandishi!" Nikaandika. Niliandika na unyayo pia, "damu kidogo", kwa sababu nilifikiri ni jambo zuri la kutia ndani. Mama Sifa alibaki amesimama kule mlangoni mpaka mstari wa mwisho. Tulipomaliza, maji aliyochemshiwa yalikuwa yamepoa, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile, msimuliaji wa habari hii akiwemo, aliyemuuliza mguu wake unaumaje.

Vitabu vilichapwa kwa stensili, kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, nami nilivirudisha nyumbani kurasa zimelegea. Aliyevishona alikuwa Mama Sifa, kwa sindano kubwa na uzi ule ule wa kufungia magunia ya maharagi. Kusoma kwake kulikuwa kwa herufi kubwa za magunia tu. Alikaa uani, rundo mbele yake, mimi nikimpangia kurasa.

"Hii inasema ya nini?" akauliza.

"Ya njia ya Walikale, mama."

"Niko ndani?"

"Uko ndani."

"Muzuri," akasema, akatabasamu akiitazama sindano. Akavishona vyote, kitabu kwa kitabu, akikata uzi kwa meno, na kila alipomaliza kimoja alikipapasa kwa kiganja kama mtu anayelaza mtoto. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikuwa na mchana mzima. Nilipanga kurasa.

Habari aliipata sokoni. Mama Vumilia, muuza mawese mwenye sauti ya kengele, alisomewa kitabu na mwanawe, na Mama Sifa alipofika na kikapu chake asubuhi ile, alipokewa akiwa bado mbali. "Mama Machozi amekuya! Jameni, nani iko na buti amuvalishe?" Soko zima likaangua kicheko, wale wale waliokuwa wakimpa mizigo yao awapitishie kwenye vizuizi kwa sababu hakuna aliyemtisha. Walikuwa wameamini. Kilikuwa kimeandikwa, na kimeandikwa na mume wake. Wiki ile wawili walimpa mtu mwingine mizigo yao. Mtu anayelia mbele ya bunduki, walisema, atawapa wezi hata jina la mama yako. Akarudi nyumbani, akaweka kikapu, akanikuta nachonga penseli.

"Idi, nililia?"

"Hapana, mama."

"Basi nani alisema nililia?"

Kupitia mlango nilisikia buti zikikanyaga simenti. "Muzee," nikasema.

Kuanzia siku ile alitoa miiba ya sambaza kimya. Muzee aliuliza, "Njia ilikuwaje?" Akajibu, "Muzuri." Aliuliza, "Mvua je?" Akajibu, "Ilinyesha." Muzee aliinua kidole, hakukuwa na cha kusimamisha. Tulibaki na simba. Kila ukurasa simba, sita, tisa, mpaka nikaanza kuwaonea huruma kwa msongamano. Wapenzi wake walisema baadaye kwamba uzee ulimzimia moto, na nilikuwa na hakika wangelisema tena kando ya kaburi. Uzee haukuhusika. Najua siku, najua chakula kilichokuwa mezani. Mwisho wa mwaka nilifunga mkoba wangu nikarudi Mapendo kwa mguu, na tangu hapo sijaandika mtu aliye hai. Jina la Mama Machozi lakini halikuhama. Lilimfuata sokoni, kanisani, kwenye arusi za watoto wake. Hata wale wanaotoroka vita, aliowapelekea uji kambini Kanyaruchinya juzijuzi, walimwita hivyo kwa heshima, wakidhani ndilo jina lake.

Ndiyo maana karatasi ilibaki nyeupe mpaka chai ikapoa. Kumwaga ya Muzee kulikuwa rahisi: kiti, pini, sweta, mto unaopanda kilima. Niliandika hayo yote kwa raha, nikijichekea peke yangu, mpaka nikafika kwenye neno lenyewe. Nilijaribu kuandika "Muzee akaamua alie." Ni mstari mzuri. Ungepita. Aliyejua vingine alikuwa kwenye jeneza.

Asubuhi uwanja wao ulikuwa umejaa: bashi la bluu, viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka kumzunguka Mama Sifa, ambaye sasa amekuwa mdogo kama binti wa shule. Mama Vumilia alikuwa ubavuni pake, mzee, fimbo mapajani. Miaka imewafanya marafiki, kama inavyowafanya watu waliobaki. Juu ya jeneza Sifa alikuwa ameweka zile buti, zimeng'aa. Kutoka nilipokuwa niliziona soli: mistari ya kiwandani bado ilikuwepo.

Nikasimama kwenye mikrofoni. Nikasoma kuzaliwa, shule, ndoa, watoto. Kisha nikasoma: "Marehemu hakutembea inchi yote. Alifika Sake. Aliyetembea ni mke wake, na vitabu vyote vizuri vya Kapiteni Volkano ni njia za Mama Sifa zilizovalishwa suruali." Minong'ono ikapita chini ya bashi. Sifa akasimama, uso umekaza. "Papa Idi!"

"Ikala," mama yake akamwambia kutoka mkekani. Sifa akakaa.

Nikaendelea. "Ndani ya kitabu cha njia ya Walikale imeandikwa kwamba mama mmoja alinyang'anywa viatu akalia. Hakulia. Alimpa mwizi kiatu cha kushoto, cha kulia akakitupa shimoni, akamwambia aende na mguu mmoja. Neno la kulia si la Muzee. Ni langu. Yeye aliniuliza, mimi nikajibu. Halafu Mama Sifa aliponiuliza, nikamsingizia bwana wake. Mama, mume wako alikukosea mengi, lakini lile nililifanya mimi, nimekaa, na kalamu mkononi."

Mbwa wa jirani akabweka, akanyamazishwa. Niliangalia karatasi kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Halafu nikasikia sauti ile ya chini.

"Kya kuume," Mama Sifa akasema.

"Mama?"

"Nilimupatia kya kuume. Kya kushoto njo nilitupa. Andika muzuri, Idi."

Nikachomoa Bic mfukoni. Pale pale, mbele ya padri na jeneza na mtaa mzima, nikaegemea ubao wa mikrofoni nikafuta kushoto nikaandika kulia, nikafuta kulia nikaandika kushoto. Wanawake wakaanza kucheka, mmoja, kisha mkeka mzima. Mama Vumilia hakucheka. Alikuwa amegeuza kichwa chote kumtazama jirani yake.

"We Mama Sifa," akasema. "Kumbe. Na ule mutu alifanya nini?"

"Nani?"

"Mwenye bunduki! Na kiatu moja mu mukono!"

Padri alitazama saa, akatazama mawingu upande wa mlima. Mama Sifa alinyoosha miguu yake kwenye mkeka, akapanga kitenge juu ya magoti, akaanza tangu mwanzo, tangu lori lilipopakia. Alieleza kona, alieleza matope, alieleza yule kijana wa bunduki alivyoshika kiatu kimoja akakigeuza, akachungulia shimo, akachungulia tena, mpaka mkubwa wake akamgombeza kwa kuchelewesha watu. Nilifunika kalamu nikakaa. Wabeba jeneza waliegemea ukuta. Na Muzee Silvestre, buti zake juu ya kifua, kwa mara ya kwanza alimwacha amalize.